Tathmini ya mradi wa elimu bila kujidanganya: mwongozo kamili kwa vikundi vidogo vya Uganda

Naandika hii manake nimechoka kusoma ripoti ile ile. Majina yanabadilika, leo kikundi cha Nakivale, kesho cha Kasese, keshokutwa vijana wa Arua, lakini ndani ni wimbo mmoja tu: tumefundisha watoto 240, tumegawa vitabu 600, wazazi wamefurahi sana, picha nne za watoto wameshika vitabu, basi. Halafu mfadhili anauliza, sawa, wangapi leo wanajua kusoma ambao bila nyinyi wasingejua? Kimya.

Na si kwamba watu ni wavivu. Shida ni kwamba wanaanza kufikiria tathmini mradi ukishaisha, sasa hapo ni kama kutafuta mizani ya kupima mbuzi wakati mmeshamla na mchuzi mnaumalizia.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu 3 mpaka 10, pesa kidogo, hakuna mtaalam wa takwimu. Nitatembea na mfano mmoja mpaka mwisho: klabu ya kusoma ya Jumamosi, watoto wa P3 na P4 (darasa la tatu na la nne), shule 6 za kwenye makazi ya wakimbizi na vijiji vya jirani, mihula miwili. Namba za huo mfano nimezitunga za kufundishia, usizinukuu popote.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa chochote

- Kaunta buku moja kubwa ya mradi, ya kuandika kila uamuzi na tarehe yake
- Simu janja 3 au 4 zenye KoboToolbox au ODK, yaani programu za kujaza fomu kwenye simu (zinafanya kazi bila mtandao, unatuma ukifika kwenye neti) na pawabanki
- Fomu za karatasi za akiba, manake simu itazima tu, hilo jua
- Kadi za kusoma zilizopigwa laminesheni, seti mbili tofauti, moja ya mwanzo na nyingine ya mwisho
- Orodha ya watoto: namba ya siri, jina, darasa, jina la mzazi au mlezi, simu mbili kama zipo, kijiji au bloku, na jina la jirani anayewajua
- Fomu za ridhaa kwa lugha ambayo mzazi anaielewa
- Barua za utambulisho
- Pesa ya boda, data, na chakula cha wadodosaji

Kwa bajeti, wengi wanatenga kati ya asilimia 5 na 10 ya pesa yote ya mradi kwa ufuatiliaji na tathmini. Iandike kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, ukisema utaikata baadaye kwenye pesa za vitabu, haitapatikana.

## Hatua ya 1: Andika swali moja

Kaeni wote chini muandike sentensi moja. Ya klabu yetu ni hii: je, klabu inawafanya watoto wa P3 na P4 wasome aya fupi na kuielewa, zaidi ya vile wangesoma bila klabu, ndani ya mihula miwili?

Angalia imetaja nani, nini, muda gani, na hayo maneno "bila klabu". Hayo maneno mawili ndo tathmini yenyewe, mengine yote ni mapambo.

Chini ya swali andika nani ataamua nini akipata jibu. Jibu likiwa ndiyo, nani ataongeza shule? Jibu likiwa hapana, mtabadilisha kitu gani? Kama jibu lolote litakalotoka mtaendelea vilevile tu, basi msipoteze pesa, nunueni vitabu.

Wafadhili wengi watakuletea fomu yenye vigezo vya OECD, ile jumuiya ya nchi tajiri: kama mradi unafaa kwa shida iliyopo, unaendana na kazi za wengine, umefikia malengo, umetumia rasilimali vizuri, umeleta athari, na utadumu. Ni sita, hicho cha kuendana na kazi za wengine kiliongezwa 2019, kwa hiyo ukiona fomu yenye vitano jua ni ya zamani. Usijaribu kujibu vyote kwa mradi wa milioni chache, chagua viwili na uvijibu sawasawa, vingine sema wazi hamkuvigusa.

## Hatua ya 2: Chora mnyororo, tafuta pete dhaifu

Chukua karatasi kubwa. Kushoto andika pesa, kulia andika "mtoto anasoma aya na anaelewa". Katikati jaza kila kitu ambacho lazima kitokee: vitabu vinafika, mwalimu anakuja Jumamosi, mtoto anakuja, mtoto anashika kitabu mwenyewe (si mwalimu kusoma na darasa kuitikia kama kanisani), anasoma kila wiki, anaongezeka.

Halafu kwenye kila mshale andika ni nini kinaweza kuukata. Siku ya mgao wa chakula, mkubwa anaenda foleni na mdogo anabaki analea wengine. Mvua za Machi mpaka Mei. Mwalimu hajalipwa nauli.

Kwa nini usumbuke na hii? Uganda yenyewe ina mfano mzuri kuliko wote. Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya serikali kwa shule za msingi, ile isiyo ya mishahara, kutoka juu mpaka mlangoni kwa shule, wakakuta kati ya 1991 na 1995 shule kwa wastani zilipata asilimia 13 tu ya pesa iliyotengwa. Sasa fikiria mtu ambaye angepima watoto peke yake, aone hawajabadilika, aandike "kuongeza pesa shuleni hakusaidii". Pesa yenyewe haikufika! Ndo maana unapima pete za katikati, ili ukipata sifuri mwishoni ujue ni dawa mbovu au ni mgonjwa hakuimeza.

Imefaulu ikiwa mtu asiyejua mradi, mama wa jirani kwa mfano, anaweza kuangalia karatasi akakuelezea mnafanya nini na kwa nini mnadhani itafanya kazi.

## Hatua ya 3: Vibali na ridhaa

Hapa usiruke hata kitu kimoja. Ofisi ya elimu ya wilaya, walimu wakuu, mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji), na kama ni ndani ya makazi ya wakimbizi basi ofisi ya OPM (ofisi ya Waziri Mkuu) pale. Peleka barua mkononi, rudi na nakala yenye muhuri, tembea nayo.

Mtoto hawezi kukupa ridhaa peke yake. Sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla hujachukua taarifa za mtoto. Lakini hata mzazi akikubali, mtoto naye muulize, na akisema sitaki, muache aende akacheze. Kama mnapanga kuchapisha kazi kama utafiti, mnahitaji pia kamati ya maadili ya utafiti na usajili UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), na hiyo inachukua muda, anza miezi kabla.

Kitu kimoja: ridhaa ya kupimwa si ridhaa ya kupigwa picha. Ni karatasi mbili tofauti.

## Hatua ya 4: Chagua kipimo, na kwanza kabisa chagua lugha

Hapa ndo vikundi vingi vinaanguka kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usitumie mtihani wa mwisho wa muhula wa shule. Kila shule inanunua au inatunga wake, huwezi kulinganisha shule na shule wala muhula na muhula, na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, iko P7, mbali na watoto wako. Tumia kipimo cha mtoto mmoja mmoja kama cha Uwezo, shirika linalopima watoto kusoma na kuhesabu: mtoto anapewa herufi, maneno, aya, halafu hadithi yenye maswali, vyote vya kiwango cha P2, na unaandika ngazi ya juu aliyofika. Dakika chache tu kwa mtoto, na mdodosaji aliyefunzwa vizuri anaweza bila digrii.

Sasa lugha. Mtaala wetu unafundisha P1 mpaka P3 kwa lugha ya eneo halafu P4 unahamia Kiingereza. Kule Isingiro, wilaya ilipo Nakivale, lugha ya eneo ni Runyankole, lakini watoto wa klabu nusu wametoka Kongo na nyumbani ni Kiswahili. Nilikaa na binti mmoja wa P4 chini ya paa la bati, mvua inapiga. Nikampa kadi ya Kiingereza yenye kijana aliyeenda sokoni, akaisoma neno kwa neno, safi kama mtangazaji. Nikamuuliza kwa Kiswahili, huyo kijana alienda wapi? Akanitazama, akairudia kadi yote, safari hii haraka zaidi, akadhani shida ni mwendo. Kadi ya Runyankole aliishika tu akanirudishia. Nikageuza fomu nikaandika kwa peni: mama alienda sokoni akanunua samaki wawili. Akasoma polepole, akakwama kwenye "akanunua", akatoka, halafu akacheka akauliza, samaki wa wapi, huku si tunakula maharage kila siku?

Huyo mtoto anajua kusoma. Kwenye kadi mbili za kwanza ningemuandika hajui, au vibaya zaidi, ningemuandika anajua Kiingereza.

Kwa hiyo:

1. Amua klabu inafundisha lugha gani, hiyo ndo lugha ya kipimo kikuu.
2. Pima na lugha moja nyingine kama ziada, utaelewa mengi.
3. Kila aya iwe na maswali mawili ya kuelewa, na maelekezo yatolewe kwa lugha ambayo mtoto anaongea nyumbani.

Onyo lingine, usipime kitu rahisi peke yake, pima na ujuzi wa juu, manake huko ndo madhara yanaweza kujificha. Kule Lango, kaskazini, Jason Kerwin na Rebecca Thornton walipima mradi wa kusoma kwa lugha ya mama, toleo kamili na toleo lililopunguzwa gharama. Toleo kamili liliinua kusoma kwa 0.64 ya mchepuko wastani (kipimo cha jinsi alama za watoto zinavyotawanyika), ambayo ni kubwa sana kwenye elimu. La bei nafuu halikuonyesha faida ya uhakika kwenye kusoma, na kwenye baadhi ya ujuzi wa juu wa kuandika watoto walirudi nyuma. Mtu akikwambia "tufanye hivohivo ila tukate gharama", mkumbushe Lango.

## Hatua ya 5: Tafuta wa kulinganisha nao

Mtoto anakua. Anaenda shule, ana dada anayemsaidia, anasoma mabango ya njiani na maandishi ya kwenye boda. Ndani ya mihula miwili ataongezeka kitu hata ungekuwa umelala, na ukichukua mwisho ukatoa mwanzo ukasema "hii yote ni sisi" umeiba kazi ya mwalimu wake.

Kuna na mtego wa pili ambao ni mjanja zaidi. Vikundi vingi vinapima watoto wote, vinachagua wale waliofanya vibaya kabisa, vinawafundisha, vinapima tena, na maajabu, wamepanda. Lakini kati ya wale wa chini siku ya kwanza kuna aliyekuwa na malaria, kuna aliyelala njaa, kuna aliyeogopa ndevu za mdodosaji. Siku nyingine yoyote wangefanya vizuri kidogo bila mtu kuwagusa. Chagua wa chini kabisa na watapanda, chagua wa juu kabisa na watashuka, ni hesabu tu haina uhusiano na klabu.

Dawa ya mitego yote miwili ni moja: kundi lingine la watoto wa aina ileile, lililochaguliwa kwa njia ileile, likapimwa siku zilezile.

Namna ya kulipata bila kugombana na wazazi ni bahati nasibu ya foleni. Kila shule, andikisha watoto 40 wanaofaa. Nafasi ziko 20 kwa sababu vitabu na walimu ni hivyo tu. Andika namba 40 kwenye vikaratasi, tia kwenye ndoo, ita wazazi na LC1 na mwalimu mkuu, mtoto mdogo achote 20 mbele ya watu wote. Hao wanaanza sasa, wengine 20 wanaanza baada ya kipimo cha mwisho, hao ndo nitawaita foleni. Watu wanadhani wazazi watakasirika, mimi naona kinyume, kinachowakasirisha ni orodha iliyoandikwa ofisini ambapo watoto wa mwenyekiti wote wamo.

Ahadi ya zamu ya pili lazima iwe na pesa yake tayari. Kama huna, usiiahidi.

Kama bahati nasibu haiwezekani, tafuta shule zinazofanana: umbali kutoka barabarani, ukubwa wa madarasa, lugha, matokeo ya mwanzo. Ni dhaifu zaidi, iandike kwenye ripoti kwamba ni dhaifu. Na usilinganishe kamwe waliokuja klabu na walioalikwa wakakataa kuja, hao wana mzazi tofauti na nyumba tofauti kabla hata hujaanza.

## Hatua ya 6: Watoto wangapi?

Hesabu ya haraka ya bahasha. Kwa kila upande: 16 mara p mara (1 toa p), gawa kwa tofauti unayotaka kuiona ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Hapo p ni sehemu ya watoto unaotegemea wataweza. Kwa klabu yetu tuseme 0.4, na watoto 120 kila upande, utaweza kuona tofauti ya kama pointi 18 za asilimia. Mradi ukileta pointi 6, kipimo chako hakitaiona na utadhani hakuna kitu.

Sasa sikia hii manake inaua ripoti nyingi. Ukigawanya kwa shule, yaani shule 3 zina klabu na 3 hazina, watoto wa shule moja wanafanana, wana mwalimu mmoja na mwalimu mkuu mmoja. Watoto 120 kutoka shule 6, 20 kila shule, wakifanana kwa kiwango cha 0.2 (0 ni hawafanani kabisa, 1 ni sawasawa), wanabeba uzito wa kama watoto 25 tu waliotawanyika (120 gawa kwa 4.8, ambayo ni 1 jumlisha 19 mara 0.2). Ndo maana bahati nasibu ndani ya shule ni bora kwa kikundi kidogo. Ubaya wake ni kwamba mtoto wa klabu ataenda nyumbani amsomee rafiki wa foleni, na hiyo itapunguza tofauti unayoiona. Uliza swali hilo mwishoni.

## Hatua ya 7: Funza wadodosaji, kisha pima mwanzo

Wadodosaji wasiwe walimu wa klabu. Mwalimu atamsaidia mtoto kwa mdomo bila hata kujijua, nimeona mmoja anasema "aka... aka..." mpaka mtoto anamalizia.

Siku mbili za mafunzo, siku ya tatu mjaribu kwenye shule ambayo haimo. Wawili wampime mtoto mmoja kwa pamoja, kila mtu aandike kwake, halafu mlinganishe. Kama kati ya watoto 20 hamkubaliani kwa zaidi ya wawili, rudini mfunze tena.

Kuhusu tarehe: muhula wa kwanza unaanza Februari lakini wiki mbili za mwanzo nusu ya watoto hawajafika, wanangoja sare au ada ya kitu fulani. Pima wiki ya tatu au ya nne. Na mpangilio wa kazi ni huu: andikisha, ridhaa, pima, HALAFU bahati nasibu. Ukichota kwanza, wadodosaji watajua nani wa klabu na wazazi wa foleni hawatakuja kupimwa.

Imefaulu ikiwa makundi mawili yanafanana siku ya mwanzo: umri, jinsia, darasa, lugha ya nyumbani, ngazi ya kusoma. Tofauti ndogondogo ni kawaida.

## Hatua ya 8: Fuatilia kama klabu kweli inafanyika

Kitabu cha mahudhurio si ushahidi mpaka kithibitishwe. Kuna kimoja nilikifungua kikanifunza: wiki sita, watoto 20, tiki zote za peni moja ya bluu, zimelala upande mmoja, hakuna aliyekosa hata siku moja, pamoja na Jumamosi ile ambayo mto ulifurika na boda hazikuvuka. Kilijazwa jioni moja, kwenye meza moja. Sikugombana na mtu, nikaomba tu kuanzia wiki inayofuata mtoto mwenyewe aandike jina lake akiingia. Mahudhurio yakashuka palepale, na kwa mara ya kwanza yakawa ya kweli.

Nenda bila taarifa angalau mara mbili kwa kila shule kwa muhula. Hesabu vichwa. Hesabu vitabu vilivyo mikononi mwa watoto, si vilivyo kwenye sanduku. Kaa nyuma dakika 20 uone nani anasoma.

Usimlaumu mwalimu mbele za watu. Ukishaonekana polisi, hutaambiwa ukweli tena.

## Hatua ya 9: Pima mwisho, na uwafuate waliopotea

Kadi za seti ya pili, wadodosaji walewale, saa zilezile. Usigawe biskuti wala soda siku hiyo, utapata watoto wa kijiji kizima na majina ya kuazima.

Mlianza na 240. Siku ya mwisho wamekuja, tuseme, 170. Hapa ndo orodha ya jirani na simu mbili inakuwa dhahabu. Panda boda, fuata nyumbani, uliza wamehamia bloku gani, nani amerudi Kongo, nani ameolewa, nani analea mdogo wake. Kwa nini ujichoshe? Manake wanaopotea si watu wa kawaida, mara nyingi ndo wale waliokuwa nyuma zaidi. Wakitoka, wastani unapanda wenyewe na wewe unapiga makofi.

Kwenye ripoti andika wangapi walipotea kila upande na sababu. Kama klabu imepoteza 10 na foleni imepoteza 40, una shida kubwa, usiifiche.

## Hatua ya 10: Hesabu

Excel inatosha. Tumia watoto wenye vipimo vyote viwili. Tuseme mmepata 200, mia kila upande, na mnaangalia waliofika ngazi ya aya na kuelewa.

Klabu: mwanzo 20, mwisho 54.
Foleni: mwanzo 22, mwisho 36.

Kikundi cha kawaida kingeandika "tumeinua kusoma kwa pointi 34". Lakini foleni nao wamepanda 14 bila klabu. Kwa sababu mlichota kwenye ndoo, unaweza kulinganisha mwisho kwa mwisho: 54 toa 36, tofauti ni 18. Kama hamkuchota, toa ongezeko la foleni kutoka ongezeko la klabu: 34 toa 14, ni 20. Chagua njia mapema, iandike kwenye kaunta buku kabla hujaona data, si baada ya kuona ipi inapendeza.

Na hiyo 18 si namba ya chuma. Kwa watoto mia kila upande, bahati peke yake inaweza kuisogeza, na ukihesabu ukingo wa asilimia 95, yaani eneo ambalo namba ya kweli inategemewa kuwamo, inakaa kati ya kama 4 na 32. Andika hivo hivo. Klabu imesaidia, kiasi gani hasa hatujui vizuri, hiyo ni sentensi ya heshima.

Mtoto aliyechotwa akaja mara mbili tu bado ni wa klabu kwenye hesabu, usimhamishe wala usimtoe. Ukianza kuwatoa wasiohudhuria umerudi kwenye mtego wa hatua ya 5.

Halafu gharama. Mradi umekula milioni 11 kwa watoto 120 waliochotwa. Pointi 18 za watoto 120 ni kama watoto 22 wanaosoma kwa sababu ya klabu. Milioni 11 gawa kwa 22, ni shilingi 500,000 kwa kila msomaji mpya. Inauma kuiangalia najua, ile ya "shilingi 92,000 kwa mtoto" ni tamu zaidi, ila hiyo inahesabu hata wale ambao wangesoma bila nyinyi.

## Hatua ya 11: Uliza kwa nini

Namba hazisemi kwa nini shule mbili zimepanda na moja haikusogea. Chagua watoto wachache waliopanda sana, wachache waliobaki palepale, na wachache walioacha, waulize wao na wazazi wao. Hao walioacha ndo wenye habari. Usiulize "mlifaidikaje?", hilo swali lina jibu ndani yake, uliza "Jumamosi iliyopita ilikuwaje kuanzia asubuhi?" halafu unyamaze.

## Hatua ya 12: Ripoti, na kurudi kwa wenyewe

Kurasa 10 zinatosha. Ukurasa wa kwanza: swali, jibu, namba moja na ukingo wake, kitu kimoja mtakachobadilisha. Mbele kidogo: mlipima vipi, waliopotea, yasiyofanya kazi. Picha moja, yenye ridhaa.

Ukipata sifuri, iandike sifuri, kisha rudi kwenye karatasi ya mnyororo. Kama walimu walikuja na watoto walikuja na bado hakuna kitu, badilisha namna ya kufundisha. Kama watoto hawakuja, hamjaupima mradi bado.

Kabla mfadhili hajapata, rudisha kwa wazazi. Mkutano mmoja kwa kila shule, kwa lugha yao, bila projekta: simamisha watoto kumi wa kujitolea mbele, sema "siku ya kwanza wawili walikuwa wanasoma," wawili wanapiga hatua mbele, "leo wangekuwa kama wanne bila klabu," wanne, "na klabu wako watano," watano. Usitaje mtoto gani ni dhaifu, hao kumi ni mfano tu. Kuna mkutano baba mmoja alinyoosha mkono akauliza, sasa hao watano waliobaki nyuma mnawaachia nani? Andika swali kama hilo kwenye kaunta buku, ndo swali la muhula ujao.

Siku hiyo hiyo tangaza tarehe ya foleni kuanza zamu yao. Halafu ukirudi ofisini, tenganisha majina na matokeo, faili la majina weka nenosiri, na fomu za karatasi zenye majina zifungiwe kwenye kabati mpaka muda mliomwambia mzazi uishe, kisha zichomwe watu wawili wakishuhudia.